Lodi Rayleigh na Mashine ya Mjomba

Ada yangu ya sekondari ililipwa na mashine ya kukoboa mpunga. Mashine yenyewe ni ya mjomba, ipo Kibiti, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Kilwa. Mpunga unakuja kutoka bonde la Rufiji, na mwingine unatoka kwenye visiwa vya delta kwa mashua hadi Nyamisati, kisha unapakiwa kwenye gari. Msimu wa mavuno injini inawashwa baada ya swala ya alfajiri na inazimwa usiku. Bomba lake la ekzosi limetoboa ukuta na linatema sauti upande wa nyumba za jirani.

Mjomba ameisimamia mashine hiyo zaidi ya miaka 20. Siku hizi ukimwita kwa nyuma hageuki. Simu anaiweka spika na bado anauliza mara tatu. Mwaka juzi jirani mmoja, ambaye watoto wake walikuwa wanajiandaa na mtihani, alichoka akaita wazee. Wakakaa, wakakubaliana mjomba apunguze kelele au atafute eneo lingine. Mimi nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi, na kichwa kimejaa mambo, nikamwambia aniachie kazi hiyo. Nilishasoma kwamba kuna hedifoni zinazozima kelele kwa kutengeneza sauti pinzani. Nikaona kama inawezekana sikioni, inawezekana uani.

Likizo nikaazima spika mbili. Nikarekodi ule mlio mzito wa injini, nikauchuja ubaki mlio mmoja tu. Spika ya kwanza ikacheza mlio huo, ya pili ikacheza uleule ukiwa umegeuzwa: pale ambapo ya kwanza inasukuma hewa, ya pili inaivuta. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chini ya mwembe. Sauti ikapotea kama mtu kafunga mlango. Nikaruka kwa furaha. Mke wa mjomba, aliyekuwa anapeta mchele hatua nne pembeni, akaniuliza mbona nimeongeza.

Nikaenda kukaa alipokaa yeye. Kweli bwana, pale sauti ilikuwa imezidi. Nikahamisha spika, ukimya ukahama na kelele ikahama. Wiki nzima nilicheza mchezo huo. Niliporudi chuoni nikaingia maktaba kutafuta kosa langu liko wapi, na nikagundua kwamba jambo lililonikuta uani Kibiti lilishaelezwa vizuri kabisa kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1877 na 1878. Mwandishi wake ni Lodi Rayleigh. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya fomula zake kwenye mtihani. Leo nataka mumjue mwenyewe.

Jina lake la kuzaliwa ni John William Strutt. Alizaliwa Novemba 12, 1842, huko Essex, Uingereza, katika ukoo wa mabwana wenye mashamba makubwa. Rayleigh ni jina la cheo cha ukoo, alilorithi baba yake alipofariki mwaka 1873. Kwa hiyo tusidanganyane, jamaa hakuwahi kulala njaa akisubiri bumu. Lakini kitu kimoja hakukirithi, nacho ni afya. Utotoni aliumwaumwa mno. Shule mbili maarufu, Eton na Harrow, alizipitia kwa muda mfupi tu kwa sababu ya ugonjwa, na sehemu kubwa ya masomo yake akasomea kwa walimu binafsi. Hakuna aliyetazamia makubwa kutoka kwake.

Mwaka 1861 akaingia Chuo cha Trinity, Cambridge, kusoma hisabati. Mwaka 1865 akatoka wa kwanza katika mtihani wa mwisho, mtihani ambao kwa Waingereza wa zama zile ulikuwa unatangazwa magazetini kama matokeo ya mpira. Lakini yeye alitaka zaidi ya hesabu za karatasi. Alitaka kushika vitu. Shida ni kwamba Cambridge ya wakati ule haikuwa na maabara ya fizikia ya wanafunzi. Mhadhiri alifanya jaribio mbele, wanafunzi wakatazama. Sisi tunaopanga foleni watu kumi kwenye osiloskopu moja tunaijua hali hiyo. Rayleigh akaamua kununua vifaa vyake mwenyewe na kujifundisha. Akajifunza pia Kijerumani, kwa sababu kazi nyingi nzuri za sayansi ziliandikwa kwa lugha hiyo, na kwa njia hiyo akamsoma Helmholtz, bingwa wa sayansi ya sauti. Hapo ndipo sauti ilipomteka.

Mwaka 1871 alifanya mambo mawili makubwa. La kwanza, alieleza kwa hesabu kwa nini anga ni la buluu: chembe ndogo sana hewani hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. La pili, alimwoa Evelyn Balfour, dada wa Arthur Balfour ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu. Mwaka uliofuata maradhi yakamrudia. Safari hii ilikuwa homa ya baridi yabisi, na ilikaribia kumuua. Madaktari wakamshauri akimbie baridi ya Uingereza. Akaenda Misri na mkewe na shemeji yake Eleanor, wakapanda mashua ya kulala, wakapandisha mto Nile majira ya baridi ya 1872 kuingia 1873.

Humo ndani ya mashua, akiwa bado anajiuguza na maktaba iko mbali, ndipo alipoanza kuandika kitabu chake kikuu, The Theory of Sound. Mimi nimekulia penye mto mkubwa, na sehemu hii ya maisha yake inanigusa. Mtu anayesafiri kwa mashua mtoni, iwe Nile au Rufiji, ana muda wa kusikiliza. Anasikia sauti inavyosafiri juu ya maji, inavyorudi kutoka ukingoni, inavyozibwa na kona. Sisemi hayo ndiyo yaliyomo kwenye kitabu. Nasema mgonjwa yule hakungoja apone ndipo aanze kazi.

Sasa turudi kwenye ukimya wangu wa chini ya mwembe. Rayleigh alichukua nyuma za sauti mbili, yaani vile vyuma vyenye meno mawili ambavyo ukivigonga vinatoa mlio mmoja safi. Akaviendesha kwa umeme mmoja ili vitetemeke pamoja bila kupishana. Kisha akatafuta kwa sikio. Akakuta kuna mahali sauti ya vyuma viwili ni kubwa, na kuna mahali karibu inapotea kabisa. Sababu yake inaeleweka hata kwa asiyesoma fizikia. Sauti ni hewa inayosukumwa na kulegezwa. Pale ambapo msukumo wa chanzo kimoja unafika wakati uleule na ulegevu wa kingine, hewa inabaki imetulia. Pale ambapo misukumo miwili inafika pamoja, inajumlishana. Ukimya wa mahali pamoja unaambatana na kelele ya mahali pengine. Mke wa mjomba hakuwa anazira. Alikuwa amekaa penye jumlisho.

Kama kitabu kingeishia hapo, ningekuwa nimeshindwa moja kwa moja. Lakini Rayleigh aliendelea kuichambua sauti inayosafiri ndani ya bomba, na hapo mambo yanabadilika. Uani sauti inatawanyika pande zote, kwa hiyo njia za kufika sikioni ni nyingi. Ndani ya bomba jembamba, sauti nzito haina pa kutawanyikia. Inasafiri imenyooka kama bamba moja la hewa, mbele na nyuma tu. Rayleigh alionesha kwamba kila bomba lina kikomo chake: mradi mlio uko chini ya kikomo hicho, maumbo mengine yote ya wimbi yanafifia yenyewe njiani, na linabaki lile moja lililonyooka. Kwa bomba la plastiki la inchi 6, kikomo hicho ni kama mitetemo 1,300 kwa sekunde. Mngurumo wa feni na injini uko chini sana ya hapo.

Maana yake ni nini? Ni kwamba ndani ya bomba spika moja inatosha. Ukiliua wimbi mahali pamoja, umeliua kwa kila anayesikiliza mdomoni mwa bomba. Hakuna tena kigoda cha ukimya na kigoda cha kelele.

Rayleigh mwenyewe hakutengeneza kifaa hicho. Maiki na spika za kufanya kazi hiyo zilikuwa bado. Maisha yake yakaenda kwingine. Mwaka 1879 alifariki James Clerk Maxwell, mkuu wa kwanza wa Maabara ya Cavendish pale Cambridge, na Rayleigh akaombwa ashike nafasi yake. Alikaa miaka mitano tu, lakini aliipindua maabara. Yule kijana aliyekosa pa kujifunzia majaribio sasa akaweka utaratibu wa wanafunzi wote kushika vifaa kwa mikono yao. Mwaka 1882 akafungua madarasa ya maabara kwa wanawake kwa masharti sawa na wanaume, wakati chuo chenyewe kilikuwa hakiwapi wanawake shahada. Shemeji yake Eleanor, yule wa safari ya Nile, alifanya naye kazi ya kupima upya vipimo vya umeme. Ule usahihi wa omu, ampea na volti tunaouchukulia poa leo una jasho la watu hao.

Mwaka 1884 akaacha uprofesa Cambridge, akarudi nyumbani kwake Terling, Essex, kwenye maabara aliyoijenga ndani ya nyumba. Vifaa vyake vingi vilikuwa vya kawaida kabisa, vingine vya kuunganishaunganisha. Kilichokuwa ghali ni uvumilivu wake. Alikuwa akipima uzito wa gesi ya naitrojeni. Iliyotoka hewani ikawa nzito kidogo kuliko iliyotengenezwa kutokana na kemikali. Tofauti ilikuwa kama nusu ya asilimia moja. Wengi wetu, tuseme ukweli, tungeandika kwenye ripoti kwamba ni kosa la kipimo, tukafunga daftari tukaenda kula. Yeye alirudia na kurudia, tofauti ikagoma kuondoka. Mwaka 1892 akafanya jambo ambalo bwana mkubwa wa hadhi yake angeweza kuona aibu kulifanya: aliandika kwenye jarida la Nature kwamba ameshindwa kuelewa, anaomba wanaojua kemia wamsaidie. Katika kutafuta jibu, yeye na William Ramsay wakagundua gesi mpya, agoni, ambayo siku zote ilikuwa imejificha kwenye hewa tunayovuta. Mwaka 1904 Rayleigh alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia na Ramsay ile ya Kemia. Pesa za tuzo Rayleigh alizitoa kwa Chuo Kikuu cha Cambridge.

Sauti hakuiacha. Alikuwa mshauri wa kisayansi wa taasisi inayosimamia minara ya taa ya Uingereza, akashughulikia honi zinazowaongoza mabaharia kwenye ukungu. Mwaka 1907 alieleza jinsi masikio mawili yanavyotambua sauti inatoka upande gani: kwa milio myembamba tunategemea tofauti ya ukubwa kati ya sikio na sikio, na kwa milio mizito tunategemea tofauti ndogo mno ya muda. Mwaka 1908 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1909 akawa mwenyekiti wa kamati ya kuishauri serikali ya Uingereza kuhusu ndege, teknolojia ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaota manyoya.

Hapo ndipo maisha yake na nyumbani kwetu yanapokaribiana kidogo. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Waingereza waliona kwamba kutoka baharini hawawezi kujua mizinga yao inaangukia wapi, kwa hiyo ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zikawa zinawaelekeza. Julai 11, 1915, Königsberg ikaishia hapo mtoni. Mzee wa Terling hakuhusika na vita ya Rufiji, na sitaki kumbandika. Ila alikuwa bado kwenye kiti cha kamati ile wakati ngurumo za ndege zilipopita kwa mara ya kwanza juu ya vijiji vya delta. Alifariki Juni 30, 1919, nyumbani kwake, akiwa na miaka 76 na bado anaandika makala za sayansi.

Miaka kama 14 baada ya kifo chake, Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza ya wazo jipya. Hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1936, na mchoro wake wa kwanza ni bomba. Maiki inanasa kelele inapopita. Umeme unaikimbiza habari hiyo mbele kuliko sauti yenyewe, kisha spika iliyo mbele kidogo inatoa sauti iliyogeuzwa pale pale kelele inapofika. Wazo ni zuri na rahisi, lakini lilikaa kabatini miongo kadhaa. Kasi ya sauti inabadilika na joto, injini inabadilisha mwendo, na vifaa vya enzi zile havikuweza kujirekebisha. Ilibidi kompyuta ndogo na za haraka zije. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbinu hii ilitumika Uingereza kwenye bomba la moshi la mtambo wa kusukuma gesi huko Duxford, na leo ipo kwenye baadhi ya mabomba ya hewa ya majengo makubwa, hasa kwa ile ngurumo nzito ambayo ukitaka kuizuia kwa sponji utahitaji sponji nene kuliko bomba lenyewe.

Basi nikabadilisha mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Nikaachana na ua, nikanunua bomba la plastiki la inchi 6. Feni mwisho mmoja, maiki, kisha spika mita 2 mbele yake. Sauti inatembea mita hizo kwa chini kidogo ya milisekunde 6, na huo ndio muda wote ambao kompyuta inao kusikia, kukokotoa na kujibu. Mara ya kwanza bomba lilipiga yowe mpaka jirani wa hosteli akagonga ukuta. Spika ilikuwa inarudisha sauti nyuma hadi kwenye maiki, maiki inaipeleka kwenye spika, duara halina mwisho. Msimamizi wangu aliniambia nikiendelea hivyo sapu inanisubiri. Ikanichukua wiki saba kuifundisha programu iitambue sauti yake yenyewe na kuiondoa kabla ya kujibu. Siku ilipokubali, ngurumo ya feni ilishuka, na ilishuka pale mlangoni, dirishani, na kwenye kitanda cha mwenzangu pia. Nilizunguka chumba kizima nikisikiliza, nikamkumbuka mzee na nyuma zake mbili.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwenda kumwambia mjomba ukweli. Nilimwahidi ukimya. Lakini moshi wa ekzosi ya dizeli unaweza kufika nyuzijoto 400, na kwenye joto hilo sauti inakimbia zaidi ya mita 500 kwa sekunde badala ya 340. Maiki yangu ya bei rahisi isingemaliza hata gunia moja. Na sauti nyingine haitoki kwenye ekzosi, inatoka kwenye chuma cha injini na mashine yenyewe, huko uani, ambako Rayleigh alishaonesha kwamba spika mbili zitakupa kigoda kimoja cha ukimya na kuwaongezea wengine. Niliyasema hayo yote kwa sauti kubwa, mdomo karibu na sikio lake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama miaka minne ya chuo ndiyo imeleta jibu hilo. Nikamwambia hapana, kuna jingine. Tukamtafuta fundi wa kuchomelea, tukatengeneza sailensa yenye vyumba viwili, bomba likapandishwa juu ya paa na kuelekezwa upande wa barabara. Hata vyumba vile ni sayansi ya mwangwi aliyoiandika Rayleigh akiwa kijana. Nikamnunulia mjomba na vijana wake vizuizi vya kuvaa masikioni. Jirani amesema ngurumo imepungua, haijaisha. Wazee wamempa mjomba msimu mmoja zaidi.

Masikio ya mjomba hayatarudi. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa haviotí tena, na hakuna spika ya kurekebisha hilo. Wale vijana wawili wanaomsaidia wana miaka 19 na 22, na wameanza kuvaa vizuizi baada ya mimi kuwatishia mara mbili. Mradi wa bomba naendelea nao. Kama kuna mwanachuo wa mekanika au wa vifaa anayejua maiki inayostahimili joto la ekzosi, na haitauza figo yangu, anitafute hosteli. Kwa mfano wa mzee, sioni aibu kuandika hapa kwamba nimekwama.